WANYAMA WA NCHI YETU: Bongo, Mwenyeji wa Mianzi

(Kwa watoto, na kwa wazazi wawasomeao)

Mtoto wa Nyeri akisimama uani asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, aweza kuona milima pande mbili. Upande wa kaskazini-mashariki ni Mlima Kenya, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,199. Upande wa magharibi ni milima ya Nyandarua, ambayo katika ramani nyingi huitwa Aberdare. Katika misitu ya milima hiyo amekaa tangu zamani za kale mnyama mkubwa, mzuri wa kutazamwa, ambaye wengi wa wakaao Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru hawajamwona hata mara moja. Jina lake ni bongo, na wengine humwita ndongoro.

Watoto wasimchanganye na pongo, ambaye ni mdogo na huonekana mara nyingi kandokando ya misitu. Hao wawili ni ndugu, kama vile tandala na pofu walivyo ndugu zao pia, lakini bongo ndiye mkubwa kupita wanyama wote wa jamii hiyo wakaao msituni.

Tena lijulikane jambo hili tangu mwanzo. Bongo wako wa namna mbili. Namna ya kwanza hukaa katika misitu ya nchi za chini, kama vile Kongo na Kameruni. Namna ya pili ni bongo wa mlimani, naye porini hapatikani mahali pengine po pote duniani ila katika Kenya. Mtu akimtafuta Uingereza au Marekani, atamwona katika bustani za wanyama tu, nyuma ya uzio. Kwao hasa ni huku.

UMBO LAKE

Bongo ana rangi ya hudhurungi yenye wekundu, karibu na rangi ya udongo wa mashamba ya Nyeri baada ya mvua. Juu ya rangi hiyo imepita mistari myeupe, kuanzia mgongoni hata tumboni, kumi mpaka kumi na mitano kila upande. Mashavuni ana madoa meupe, na kifuani ana alama nyeupe kama mwezi mchanga. Masikio yake ni makubwa sana. Dume azeekapo rangi yake huwa nyeusi-nyeusi, lakini jike hubaki mwekundu.

Uzito wa dume waweza kupita kilo 300, yaani kama fahali mdogo. Jike ni mwepesi kidogo. Wote wawili wana pembe, na katika hili bongo ni tofauti na pongo na tandala, ambao majike yao hayana pembe. Pembe za bongo hupinda mara moja tu, zikaelekea nyuma, na za dume huweza kukaribia urefu wa mita moja.

Mtu atauliza: mnyama mwenye pembe ndefu namna hiyo hupitaje katika msitu uliosongamana? Bongo akikimbia huinua pua yake juu, na pembe zikalala mgongoni. Basi matawi na mizabibu ya mwitu humteleza, wala hayamnasi. Madume wazee huwa na mahali mgongoni palipotoka manyoya kwa sababu ya kuguswa na ncha za pembe siku zote. Akikuta mti ulioanguka njiani, mara nyingi hapendi kuuruka. Hupita chini yake, au huuzunguka.

Na ile mistari ni ya nini? Mtoto aingie katika shamba la mahindi marefu wakati wa jua, atazame chini. Ataona mwanga umekatwa vipande vipande, hapa mweupe na hapa kivuli. Ndivyo ilivyo ndani ya mianzi. Bongo akisimama kimya humo, mistari yake hufanana na mwanga upitao kati ya mianzi, na jicho la adui huteleza likampita. Wala hapana bongo wawili wenye mistari sawa, kama vile watu wawili wasivyo na alama sawa za vidole. Kwa hiyo watu wamchunguzao huweza kumtambua kila mmoja kwa mistari yake.

NYUMBA YAKE NA CHAKULA CHAKE

Apandaye mlima kutoka mashambani hukuta kwanza msitu wa miti mikubwa, kisha mianzi, kisha nyasi na mawe ya baridi. Bongo hukaa katika msitu na katika mianzi, hasa mahali penye urefu wa mita 2,000 mpaka 3,000 juu ya bahari. Hahami kwenda mbali, bali hupanda na kushuka kwa majira, kwa kufuata majani mabichi na maji.

Chakula chake ni majani, machipukizi, mimea itambaayo, maua, magome na mizizi. Ulimi wake ni mrefu na wenye nguvu; hushika tawi na kulichuma majani kama mwanamke achumaye kunde. Akisha kushiba hulala kivulini na kucheua, kama ng'ombe, kwa maana naye ana tumbo la vyumba vinne.

Kama ng'ombe pia, bongo hupenda chumvi. Katika misitu ya Nyandarua kuna mahali ambapo udongo una chumvi, na wanyama huenda kuulamba usiku: tembo, nyati, nguruwe wa mwitu, na zamani bongo kwa wingi. Ndiyo sababu nyumba za wageni kama Treetops, iliyojengwa mwaka 1932, na The Ark zilijengwa mbele ya mahali pa namna hiyo, ili watu wakae juu na kuwatazama wanyama walio chini. Watu waliomchunguza bongo wameeleza kwamba hula hata makaa ya miti iliyochomwa na radi, na hudhaniwa kwamba hutafuta chumvi hiyo hiyo.

Watoto wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini husimuliwa habari za dubu wa hudhurungi, ambaye hula mpaka anenepe, kisha majira ya theluji huingia pangoni akalala miezi mingi. Katika milima ya Kenya hapana dubu, wala bongo hafanyi hivyo. Baridi ya mianzini ni kali usiku, lakini majani hayaishi mwaka mzima. Kwa hiyo bongo hana haja ya kulala muda mrefu. Hutafuta chakula chake kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe.

MCHANA NA USIKU

Bongo hutembea zaidi usiku, na alfajiri, na jioni. Mchana hujificha mahali pazito. Ndani ya mianzi macho hayafiki mbali, basi yeye hutegemea masikio. Masikio yale makubwa husikia kijiti kikivunjika mbali. Akisikia, kwanza husimama kimya kama kigogo. Hatari ikikaribia, hutoweka, na mtu aliye hatua ishirini huweza kupita asijue kwamba alikuwapo.

Dume mzima hupenda kukaa peke yake. Majike na watoto wao hukaa pamoja katika makundi madogo. Hawana kelele nyingi. Hukoroma na kuguna kwa sauti ya chini, na mama humwita ndama wake kwa sauti ndogo ambayo wageni hawaisikii.

MAMA NA NDAMA

Jike huchukua mimba muda wa miezi tisa na zaidi kidogo, karibu sawa na ng'ombe, naye huzaa ndama mmoja tu. Ndama huzaliwa na uzito wa kilo 20 hivi.

Wengine wangedhani kwamba mama mwema hakai mbali na mtoto wake. Mama bongo hufanya kinyume cha hayo, naye ana sababu. Humficha ndama katika majani mazito, akaenda malishoni, kisha humrudia kumnyonyesha. Kama angesimama karibu naye mchana kutwa, chui angeliona umbo la mama na kusikia harufu yake, na kumbe mtoto yuko hapo hapo. Ndama naye ana kazi moja katika siku zile za kwanza: kulala kimya. Asiyetulia huliwa.

Baada ya juma moja au zaidi ndama huanza kumfuata mama na kuingia katika kundi. Pembe huanza kuota akiwa na umri wa miezi mitatu au minne, na kunyonya hukoma yapata mwezi wa sita. Muda wote huo hujifunza kwa kutazama: majani yapi huliwa, njia ipi huenda mtoni, harufu ipi ni ya chui. Hapana afundishwaye kwa maneno. Amfuataye mama ndiye ajifunzaye.

ADUI ZAKE

Chui, fisi na simba humwinda bongo. Lakini hao wamekuwa naye miaka mingi isiyohesabika, naye ameyajua mashauri yao. Kujificha, kunyamaza, na kuingia mahali pazito vimemtosha.

Havikumtosha alipokuja mtu na mbwa. Bongo akizungukwa na mbwa hakimbii mbali. Husimama na kuwaelekezea pembe. Mbele ya mnyama mmoja pengine shauri hilo lingemwokoa. Mbele ya mbwa ni mauti, kwa maana wao hubweka tu na kumzuia, hata mwenye mkuki au bunduki afike. Mtego wa waya ni mbaya zaidi. Mbwa husikika, waya hausikiki wala hauna harufu ya kumwonya, na mnyama aliyezoea kupita chini ya vizuizi huingiza kichwa mwenyewe.

Magonjwa nayo yalichukua sehemu yake. Katika miaka ya 1890 sotoka ilienea Afrika ya Mashariki na kuua ng'ombe na wanyama wa porini wa jamii ya ng'ombe kwa wingi. Bongo ni wa jamii hiyo. Tena ng'ombe wachungwao ndani ya msitu huweza kuleta kupe na maradhi. Mwisho, misitu yenyewe ilikatwa kwa ajili ya mbao, makaa na mashamba. Mnyama aishiye kwa kujificha, maficho yake yakipungua, maisha yake yamepungua.

Kwa sababu hizo bongo walitoweka kwanza katika Mlima Elgon na katika vilima vya Cherangani. Katika Mlima Kenya nako ilifika miaka ya 1990 ambapo dalili zao zilikoma kuonekana, na watu wakasema wamekwisha. Baadaye ndipo zilipopatikana tena alama za wachache. Leo wale waishio porini hudhaniwa kuwa chini ya 100. Wako katika Nyandarua, Mlima Kenya, msitu wa Mau na msitu wa Eburu, nao wametawanyika katika makundi madogo yasiyoweza kufikiana. Mtoto afikiri: shule moja ya kijijini huwa na watoto zaidi ya hao.

Kuwahesabu ni kazi ngumu. Tangu mwaka 2004 wenyeji waujuao msitu wamekuwa wakifuata nyayo na kinyesi, na kufunga mitini kamera zijipigazo zenyewe mnyama apitapo. Siku nyingi picha huwa za nyati na tembo. Siku picha moja inapotoka na mistari myeupe, kazi ya miezi imepata malipo yake.

WALIORUDI KWA NDEGE

Katika miaka ya 1960 na 1970 bongo kadhaa walikamatwa wakiwa hai katika milima ya Kenya, wakapelekwa katika bustani za wanyama za Marekani na Ulaya. Huko wakazaa, na watoto wao wakazaa. Ikawa ajabu hii: wakati bongo wa Kenya walipokuwa wakiisha, wajukuu wa wale waliochukuliwa walikuwa wakiongezeka ng'ambo ya bahari.

Mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa kwa ndege kutoka Marekani, wakapelekwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, katika hifadhi iitwayo leo Mount Kenya Wildlife Conservancy. Mwezi wa Februari 2025 wengine 17 walitoka Florida wakapelekwa Meru, upande wa pili wa mlima.

Mtu angeweza kusema, “Basi shida imekwisha, wafungulieni mlango waende msituni.” Haiwezekani kufanya hivyo mara moja. Mnyama aliyezaliwa katika bustani amelishwa kwa mkono wa mtu. Mtu kwake ni chakula. Hajui chui, wala hajui majani ya mlimani. Hata damu yake haijui maradhi ya huku. Baadhi ya wale waliofika mwaka 2004 walikufa kwa ugonjwa uletwao na kupe, wa jamii moja na ndigana iuayo ng'ombe wa mashambani. Mkulima aliyewahi kununua ng'ombe wa kigeni mwenye maziwa mengi, kisha akampoteza kwa ndigana, ataelewa jambo hili upesi.

Kwa hiyo kazi imefanywa hatua kwa hatua, katika vizazi. Waliofika walitunzwa, wakazaa. Ndama waliozaliwa huku walikua pamoja na kupe wa huku na majani ya huku. Kisha waliochaguliwa walianza kutengwa na watu, na kupunguziwa chakula cha kupewa, ili wajitafutie. Mwezi wa Machi 2022 ilifunguliwa hifadhi ya Mawingu, msitu wa ekari 776 wenye uzio katika miteremko ya Mlima Kenya, na bongo wa kwanza wakaachwa humo. Msitu huo ni kama shule ya bweni. Humo hujifunza kula, kujificha, na kumwogopa mtu, kabla ya siku ya kutoka nje ya uzio.

Kumwogopa mtu ndilo somo kubwa. Wageni wengi wangependa bongo awe mpole, aje alishwe mkononi. Lakini bongo mpole msituni ni bongo aliyekwisha kufa. Siku atakapomsikia mtu akikohoa mbali, naye akatoweka mianzini, siku hiyo walimu wake watajua kwamba amefaulu.

YAWAPASAYO WATOTO NA WAZAZI

Mkulima aweza kuuliza, “Bongo wananifaa nini, nami nina kahawa, chai na ng'ombe wangu?” Jibu limo mtoni. Mito ya Chania na Gura hutoka Nyandarua. Mto Sagana hutoka Mlima Kenya. Na maji hayo huingia katika Tana. Msitu ule ule umfichao bongo ndio ushikao mvua na kuitoa polepole wakati wa kiangazi. Mahali ambapo bongo aweza kukaa, msitu bado ni mzito na udongo bado una maji. Mahali ambapo hawezi tena, mkulima wa chini naye ataanza kuona mto wake ukipungua.

Basi mambo machache yafaa yakumbukwe katika kila nyumba iliyo karibu na msitu. Mbwa wasiachwe kuingia msituni, hata kwa mchezo wa kufukuza paa. Mtoto aonaye mtego wa waya asiuguse, bali amwambie mzazi au mwalimu, naye awapelekee habari askari wa wanyama wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ng'ombe waogeshwe dawa ya kupe kwa wakati wake, wala wasichungwe ndani kabisa mwa mianzi. Na kama mtoto atabahatika siku moja kumwona ndama mwekundu mwenye mistari amelala peke yake majanini, asimchukue kwa huruma akidhani ni yatima. Mama yake yuko karibu, anangoja mtu aondoke.

MASWALI KWA WATOTO

1. Kwa nini bongo huinua pua juu akimbiapo?
2. Mistari ya bongo humfaa nini, nayo huwafaa nini watu wamhesabuo?
3. Kwa nini mama bongo humwacha ndama wake peke yake?
4. Kwa nini bongo aliyetoka Marekani hawezi kuachwa msituni siku ile ile anapofika?
5. Muulize babu au bibi kama katika ujana wake alipata kumwona bongo, au kusikia habari zake, na katika msitu gani. Andika jibu katika daftari lako, pamoja na jina la mahali, kabla halijasahauliwa.